Mradi Huisha, Ukame Hauishi: Miaka 15 ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame nchini Kenya

Dibaji

Tarehe 24 Novemba 2011, kupitia Tangazo la Kisheria nambari 171, Serikali ya Kenya iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, NDMA. Tangu siku hiyo nchi imekuwa na chombo cha kudumu ambacho kazi yake ni moja: kuujua ukame kabla haujafika, kuuandalia, na kuwaleta pamoja wote wanaopaswa kuchukua hatua ukishafika.

Historia yake haianzi 2011. Inaanzia katika nyanda za Turkana miaka ya 1980, inapitia miradi iliyofadhiliwa na wahisani kwa zaidi ya miongo miwili, na inafikia kilele katika mwaka mmoja mchungu ambapo mradi ulikuwa umekwisha na ukame ukaingia. Kijitabu hiki kinasimulia safari hiyo, maana mtu asiyeijua hataona kwa nini Kenya ilihitaji mamlaka wakati miradi haikuwahi kukosekana.

Nchi kubwa, fungu dogo (1965–1984)

Maeneo kame na yaliyo nusu kame hufunika zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya. Leo yanahesabiwa kuwa kaunti 23 kati ya 47, kuanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir hadi Kitui, Makueni, Kajiado, Kilifi na Kwale. Huko ndiko wanakoishi zaidi ya theluthi moja ya Wakenya, na ndiko iliko takriban asilimia 70 ya mifugo ya taifa.

Ukubwa huo haukuonekana katika mipango ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyotarajiwa kuleta faida kubwa na ya haraka, yaani yenye mvua, barabara na reli. Kaskazini, ambayo tayari wakoloni walikuwa wameifunga kama eneo la mpakani, ilibaki na barabara chache, shule chache na visima vichache. Ukame wa kawaida, ambao mfugaji wa zamani aliukabili kwa kuhamisha mifugo, ulianza kugeuka njaa kwa sababu njia za kuhama zilizibwa na hakuna kilichowekwa badala yake.

Serikali nayo iliuona ukame kama ajali. Mvua zilipokosekana, chakula cha msaada kilipelekwa. Ziliporudi, faili ilifungwa. Mwaka 1984, ukame ulipoikumba nchi nzima, uamuzi wa mapema wa kuagiza mahindi kutoka nje uliokoa maisha ya wengi, na Wakenya wa umri fulani bado wanayakumbuka mahindi yale ya manjano. Kutoka kwa tukio hilo lilibaki somo moja la thamani: anayeamua mapema hutumia kidogo na huokoa wengi. Ila hapakuwa na ofisi ya kulitunza somo hilo.

Turkana yaanza kupima (miaka ya 1980 hadi 1995)

Ofisi ya kwanza ya aina hiyo ilizaliwa Turkana, wilaya iliyokuwa imeishi kwa misaada ya chakula tangu ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa msaada wa Uholanzi, kitengo cha kupanga dharura za ukame kiliundwa huko kuelekea mwisho wa muongo huo. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: kutosubiri mtoto akonde ndipo ukame utangazwe, bali kufuatilia dalili zinazotangulia. Je, malisho yapo? Mifugo inatembea umbali gani kufika majini? Maziwa yamepungua? Mbuzi mmoja sokoni anabadilishwa kwa mahindi kiasi gani?

Kila dalili ilipewa kiwango chake. Hali ikishuka kutoka kawaida, wilaya iliingia hatua ya tahadhari, kisha hatari, kisha dharura, na kila hatua iliambatana na orodha ya mambo yaliyokubaliwa kufanywa. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliupa mfumo huo mtihani wake wa kwanza. Tangu hapo hatua zilizobuniwa Turkana zikawa lugha ya pamoja ya maafisa wa ukame kote nchini. Taarifa za kila mwezi zinazotoka leo katika kaunti 23 ni wajukuu wa taarifa zile za Turkana.

Miaka ya miradi (1996–2010)

Mwaka 1996, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mradi wa Usimamizi wa Rasilimali za Maeneo Kame ulianza katika wilaya kame za kaskazini na mashariki. Awamu ya pili, iliyoanza 2003, iliupeleka katika wilaya 28, zikiwemo zilizo nusu kame. Mradi ulichimba mabwawa ya maji ya mvua, ukasaidia masoko ya mifugo, ukafadhili shule na zahanati, na ukaajiri maafisa wa ukame waliokaa wilayani. Kamati za wilaya zilikutana, zikasoma takwimu, zikapanga.

Katika miaka hiyohiyo, ukame wa 1999 hadi 2001 uliwaacha zaidi ya Wakenya milioni 4 wakihitaji chakula cha msaada, na mabwawa ya umeme yakapungukiwa maji kiasi kwamba miji ililazimika kugawiwa umeme kwa zamu. Wakazi wa Nairobi, waliozoea kuuona ukame kama habari za mbali, walikaa gizani. Ndipo mikutano ya wataalamu wa serikali, Umoja wa Mataifa na mashirika ya kiraia kuhusu usalama wa chakula iliposhika mizizi. Utaratibu uliotokana nayo unaendelea hadi leo: tathmini moja baada ya mvua za masika na nyingine baada ya vuli, zinazofanywa kwa pamoja ili nchi nzima izungumzie idadi moja ya wahitaji.

Utafiti nao ulisogea. Mnamo Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, iliyo na makao Nairobi, ilizindua na washirika wake bima ya mifugo huko Marsabit. Bima hiyo haikungoja afisa ahesabu mizoga. Ilifuata picha za setilaiti zinazoonyesha jinsi uoto ulivyokauka. Malisho yakishuka chini ya kiwango, fidia hulipwa. Kuanzia 2015 Serikali iliuchukua mfano huo, ikaanza kuwalipia bima wafugaji wa Turkana na Wajir.

Kisiasa, 2008 ilikuwa hatua kubwa. Iliundwa Wizara ya Nchi ya Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame, chini ya Waziri Mohamed Elmi. Maeneo hayo sasa yalikuwa na kiti chake katika Baraza la Mawaziri, na hoja ya kuanzisha mamlaka ya kudumu ikapata wa kuisukuma.

Udhaifu wa miaka hiyo pia unapaswa kutajwa. Mradi una tarehe ya kuisha, na wafanyakazi wake wana mikataba. Ripoti ya ukaguzi ya Benki ya Dunia iliyotolewa 2011 ilitaja matumizi yaliyotiliwa shaka katika wilaya zilizokaguliwa. Na mwishoni mwa 2010, mradi ulifikia kikomo kabla chombo cha kuupokea hakijaundwa.

Mwaka wa pengo (2011)

Mvua za vuli za 2010 zilikuwa zimekosekana. Masika ya 2011 nayo yakawa haba. Dalili zilionekana na maonyo yakaandikwa, lakini chombo kilichojengwa kwa miaka 14 ili kuyageuza maonyo kuwa vitendo kilikuwa kimeishiwa fedha. Rais Mwai Kibaki alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 30 Mei 2011, wakati mifugo ilikuwa tayari imeanza kufa. Kiasi cha watu milioni 3.75 walihitaji msaada nchini. Ng'ambo ya mpaka, Somalia iliingia katika baa la njaa lililoua watu wapatao 258,000, na kambi za wakimbizi za Dadaab, nchini Kenya, zikafurika kwa waliokimbia.

Wakenya walijitoa. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoanza Julai, ilivuka upesi lengo lake la awali la shilingi milioni 500. Wafanyakazi wa kawaida na wanafunzi walituma walichokuwa nacho kwa simu. Ukarimu ule ni fahari ya taifa. Lakini ulikuja baada ya hasara, na mchango wa baada ya hasara haumrudishii mfugaji ng'ombe wake. Tathmini ya Serikali na washirika wake ilikadiria kwamba ukame wa 2008 hadi 2011 uliigharimu Kenya dola bilioni 12.1, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwa mifugo.

Septemba mwaka huohuo, viongozi wa nchi wanachama wa IGAD, jumuiya ya kikanda ya Pembe ya Afrika, na wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi, wakaazimia kumaliza dharura za ukame katika Pembe ya Afrika. Miezi miwili baadaye, Kenya iliunda NDMA.

Kutoka tangazo hadi sheria (2011–2016)

Mamlaka ilirithi maafisa wengi waliolelewa katika mradi, pamoja na vitabu vyao vya takwimu na mazoea yao ya kufika vijijini. Afisa Mkuu Mtendaji wa kwanza, James Oduor, alikuwa mratibu wa ukame tangu siku za mradi. Kwa hiyo kumbukumbu ya kazi haikupotea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujipatia sera. Waraka wa Bunge nambari 8 wa 2012 ulitoa sera ya kitaifa ya maendeleo endelevu ya kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine kame. Waraka huo ulipindua fikra ya 1965: ulitambua ufugaji wa kuhamahama kuwa njia halali ya kuzalisha mali katika mazingira ambayo mvua haitabiriki, na ukakubali kwamba umaskini wa kaskazini ulitokana na maamuzi ya kibajeti kama ulivyotokana na hali ya hewa.

Kisha ukaja mkakati wa Kumaliza Dharura za Ukame, wenye nguzo sita: amani na usalama, miundombinu inayohimili tabianchi, elimu na afya, njia za maisha, udhibiti wa hatari za ukame, na uratibu. Ziko nguzo sita kwa sababu kisima kisichofikika kwa sababu ya mapigano hakimnyweshi mtu, na mfugaji asiye na barabara huuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa.

Ugatuzi, ulioanza 2013, ulibadilisha ramani ya kazi. Maji, mifugo na kilimo sasa vingekuwa mikononi mwa magavana. Mamlaka ilijiweka kama mratibu: katika kila kaunti kati ya zile 23, mratibu wa ukame hukaa meza moja na serikali ya kaunti, maafisa wa serikali kuu na mashirika, na mpango wa dharura wa kaunti huandikwa kwa pamoja.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Chombo kilichoundwa kwa tangazo kinaweza kufutwa kwa tangazo. Sasa kilisimama juu ya sheria, yenye bodi, majukumu yaliyoandikwa, na kifungu cha kuanzisha Hazina ya Kitaifa ya Dharura za Ukame. Kanuni za Hazina hiyo zilitolewa 2021.

Kazi ya kila mwezi

Mgeni anayefika makao makuu Nairobi huenda akafikiri kazi ya Mamlaka ni ripoti. Kiini chake kiko mbali na hapo, kwa wachunguzi wa nyanjani, wengi wao wazaliwa wa maeneo wanayoyahudumia. Kila mwezi wanatembelea kaya zilizochaguliwa na kuuliza yaleyale: maji yako umbali gani, maziwa yalipatikana lita ngapi, mifugo mingapi ilikufa, chakula kilitoka wapi. Wanazungushia utepe mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano, na aliye chini ya milimita 135 huhesabiwa kuwa yumo hatarini. Sokoni wanauliza bei ya mbuzi na bei ya mahindi, kwa kuwa mizani kati ya bei hizo mbili husema mapema nani atalala njaa. Bei ya mbuzi inaposhuka na ya mahindi ikapanda kwa wakati mmoja, familia inapoteza pande zote mbili.

Takwimu hizo hukutanishwa na za angani. Setilaiti hupima kijani cha ardhi, kisha hukilinganisha na cha vipindi kama hicho katika miaka iliyopita, na matokeo huwa kielezo cha hali ya uoto. Kikishuka chini ya 35 kwa wastani wa miezi mitatu, ukame umeanza kujionyesha. Chini ya 20 ni mkali. Chini ya 10 umepita kiasi. Chuo Kikuu cha BOKU cha Vienna kimeshirikiana na Mamlaka kuandaa takwimu hizo, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huleta utabiri wa mvua, na kituo cha IGAD cha tabianchi, ICPAC, hutazama ukanda mzima.

Setilaiti haijui kwamba wafugaji wa kata fulani wamefungiwa njia na mapigano, wala kwamba mashine ya kisima imeharibika. Mchunguzi hujua. Naye mchunguzi hawezi kuona Mandera nzima kwa siku moja. Mamlaka huwategemea wote wawili, na taarifa ya kila kaunti hutolewa wazi ili gavana, mwanahabari na mwananchi waisome ileile.

Pesa zinazotangulia njaa

Onyo lisilo na fedha nyuma yake halimwokoi mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya Mamlaka ni jitihada za kuifunga pesa kwenye dalili.

Hatua ya kwanza ni mpango wa fedha za kukabili njaa, HSNP, ulioanza 2009 huko Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ukiilipa kaya shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili. Katika awamu ya pili, iliyoanza 2013 chini ya usimamizi wa Mamlaka, zaidi ya kaya 370,000 ziliandikishwa katika kaunti hizo nne na kufunguliwa akaunti za benki. Takriban kaya 100,000 zilizo maskini zaidi zililipwa kwa ukawaida, na malipo yakapanda hadi shilingi 5,400 kwa kila miezi miwili. Kaya nyingine zilikuwa na akaunti zikingoja: uoto ukishuka hadi kiwango cha ukame mkali, nazo hupokea. Tangu 2015 malipo ya aina hiyo yamefanywa bila kungoja tangazo la janga. Awamu ya tatu, iliyoanza 2019, ilipanga kuufikisha mpango Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River.

Hatua ya pili ilikuwa mfuko wa dharura za ukame uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2014. Kaunti ikiingia hatua ya tahadhari au hatari, mfuko uligharimia mambo madogo yenye uzito mkubwa: kukarabati mashine za visima kabla hazijalemewa, kuchanja mifugo kabla haijadhoofika, kuwasafirishia wafugaji lishe, na kununua mifugo ingali na nyama na bei. Kukarabati kisima mapema ni nafuu kuliko kupeleka lori la maji kila siku kwa miezi mingi.

Mtihani mkubwa (2020–2023)

Kuanzia vuli ya 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Pembe ya Afrika haikuwa imeona mfululizo kama huo kwa angalau miaka 40. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Makadirio ya wahitaji nchini yalipanda hadi watu milioni 5.4 kwa miezi ya Machi hadi Juni 2023. Mifugo zaidi ya milioni 2.4 ilikufa.

Mkakati wa taifa ulikuwa umeweka mwisho wa 2022 kuwa kikomo cha kumaliza dharura za ukame. Lengo hilo halikufikiwa, na historia yenye heshima lazima iliandike hivyo. Iandike pia kwamba safari hii hapakuwa na pengo. Taarifa zilitoka kila mwezi, misimu yote mitano, tathmini zilifanywa, fedha za HSNP ziliendelea kwenda, kamati za kaunti zilikutana. Baa la njaa halikutangazwa Kenya. Mvua nyingi za mwisho wa 2023 zilifuatwa na mafuriko, na mvua za vuli za 2025 zilipokosekana katika maeneo mengi ya kaskazini-mashariki, wachunguzi walikuwa bado kazini.

Uongozi kwa vipindi

Kipindi cha miradi kiliongozwa na waratibu wa kitaifa waliowajibika kwa wizara mbalimbali. Kipindi cha kujenga taasisi, kuanzia 2011, kilikuwa chini ya Afisa Mkuu Mtendaji James Oduor, na ndicho kilichozaa sera, sheria na mifumo ya malipo. Kipindi kilichofuata, chini ya Afisa Mkuu Mtendaji Hared Hassan, kilikabiliana na ukame wa misimu mitano. Juu yao imekuwepo bodi ya wakurugenzi, na wizara inayosimamia maeneo kame, ambayo tangu 2022 imeunganishwa na masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na maendeleo ya kikanda.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1965 | Waraka wa Bunge nambari 10 waelekeza fedha katika maeneo yenye mvua |
| Miaka ya 1980 | Turkana yaanzisha mfumo wa tahadhari ya mapema |
| 1996 | Mradi wa Usimamizi wa Rasilimali za Maeneo Kame waanza |
| 2003 | Awamu ya pili. Wilaya 28 |
| 2008 | Wizara ya maendeleo ya kaskazini na maeneo kame yaundwa |
| 2009 | Malipo ya HSNP yaanza |
| 2010 | Bima ya mifugo yazinduliwa Marsabit. Mradi wafikia kikomo |
| 2011 | Janga la ukame. NDMA yaundwa tarehe 24 Novemba |
| 2012 | Waraka wa Bunge nambari 8: sera ya maeneo kame |
| 2015 | Malipo ya dharura yanayofuata setilaiti yaanza |
| 2016 | Sheria ya NDMA yapitishwa |
| 2021 | Kanuni za Hazina ya Kitaifa ya Dharura za Ukame |
| 2020–2023 | Misimu mitano ya mvua yakosekana |

Kazi iliyo mbele

Miaka 15 imethibitisha kwamba Kenya inaweza kuuona ukame ukija, kaunti kwa kaunti, mwezi kwa mwezi. Lililobaki ni kasi ya pesa. Hazina ya Dharura iliyoahidiwa na sheria inahitaji kujazwa katika miaka ya mvua, wakati hakuna picha za mizoga za kumshtua mbunge. Kaunti zinahitaji kutenga fungu la ukame na kulilinda. Njia za kuhama na malisho ya akiba zinahitaji ulinzi wa kisheria, kwa kuwa hakuna malipo yanayoweza kuchukua nafasi ya nyasi. Na wachunguzi wa nyanjani, ambao takwimu zote husimama juu yao, wanastahili kulipwa na kuthaminiwa kwa kadiri ya uzito wa kazi yao.

Taifa lilipounda Mamlaka hii liliacha kuuchukulia ukame kama ajali, likaukubali kuwa sehemu ya bajeti, ya sheria na ya wajibu wa kila serikali ijayo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Heshima kubwa tunayoweza kuupa katika maadhimisho haya ni kuhakikisha kwamba tahadhari ijayo ikitolewa, fedha zitakuwa zimeshatengwa.